Vigae Kabla ya Paa

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyobomoa jiko la mama mkwe wangu huku nikiimba. Ilikuwa miaka ile ya kwanza ya uhuru, hapa hapa mtaani Kabondo. Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja tu, na kabla ya hapo nilikuwa nikipiga pasi katika nyumba ya Mzungu mmoja mfanyabiashara. Jiko lao lilikuwa na vigae vyeupe ukutani, vinang'aa. Walipofunga mizigo kurudi kwao, nikavinunua vigae vile kwa akiba yangu ya kuuza kwanga, mikate yetu ya muhogo, sokoni, nikavibandua ukutani, nikaona nusu ya kazi imekwisha. Ujana una macho makubwa, mwanangu, na vidole vichache vya kuhesabia.

Mume wangu alinishauri tuulize kwanza bei. Nikamwambia nimekwisha piga hesabu kichwani. Mali bila daftari huisha bila habari. Yangu iliisha kuta zikiwa kimo cha kiuno. Sikuwa nimehesabu chakula cha fundi, wala wa kubeba mchanga kutoka mtoni, wala misumari. Kisha waasi wakaingia mjini, maduka yakafungwa, saruji ikawa haipatikani hata kwa mwenye fedha.

Mvua zikaanza. Mama mkwe akawa anapika uani, kipande cha bati juu ya kichwa, bila kunilaumu. Alinipakulia sahani yangu, akaniuliza kama nimelala vizuri. Upole ule uliniuma kuliko matusi. Majuma yakapita, akashikwa na homa ya kifua. Njia ya hospitali ilijaa askari, basi tukamkanda kwa maji ya moto na kuomba. Nilidhani nimemuua.

Homa ilipopungua aliniita kando ya mkeka.

"Mama," akasema, maana ndivyo alivyoniita, "ulinunua kwanza kitu macho inapenda. Mimi niko naomba paa tu, na njia ya moshi kutoka. Bon, kamata makala, tuhesabie pamoja."

Nikaokota kipande cha kaa, nikaandika nyuma ya mlango. Aliniuliza fundi atakula nini, nani atabeba udongo, na bei zikipanda kesho itakuwaje. Tukabadilisha vigae kwa miti na majani ya kuezekea, jiko tukalipunguza. Vigae vilivyobaki tukaviuza, na fungu moja la fedha hizo alinikataza kuligusa.

"Hii iko ya mambo hatujaona," alisema.

Juma lililofuata barabara ya Banalia, ilikotoka miti, ikafungwa, na miti tuliyopungukiwa ikapanda bei maradufu. Fungu lile ndilo lililomaliza paa. Alipika humo miaka kumi na mmoja, ndani ya kuta za udongo, na kifua hakikumsumbua tena.

Basi, mwanangu, wewe unayetaka kujenga jiko jipya, usiache mbachao kwa msala upitao: jiko la zamani lisimame mpaka vifaa vya jipya viwe uani. Muulize kwanza atakayepika humo anahitaji nini. Tembea sokoni, ulizia bei kwa mdomo wako, andika hata msumari, na fungu moja ulifiche mbali na tamaa yako. Kitakachobaki ndicho cha urembo. Kisipobaki, usihuzunike, fufu, ugali wetu, haijui rangi ya ukuta.

Mungu akupe paa lisilovuja, na chini yake watu wa kulishwa, na mikono yako isikose cha kuwapakulia.