Ubeti wa Kisima

Mjomba Batholomeo ni mpiga zeze wa kijijini kwetu, mbele ya Msalato, na wimbo wake unaopendwa kuliko zote ni wa kisima. Una beti nyingi, lakini kwenye ule wa kisima chenyewe yeye anauliza, wanawake wanajibu huku wamebana ngoma za muheme mapajani.

"Kisima chetu kina nini?"

"Kina kufuli!"

"Ufunguo anao nani?"

"Muulizeni mwenyekiti!"

Ni kweli tupu. Kufuli lipo, na sisi maji tunafukua kwenye mchanga wa korongo.

Mwaka huu Almas, mwenye televisheni ya mtandaoni pale Nkuhungu, akamwita arekodi. Mjomba alinyoa ndevu, tukaenda wote. Mkewe, mama Anyesi, ndiye aliyeongoza ngoma. Walipomaliza, Almas akakuna kichwa.

"Baba, ule ubeti wa kisima tuutoe."

"Amekataza nani?"

"Hajakataza mtu. Ila nikiurusha nitaitwa, na wakinifungia leseni ndiyo basi tena."

Mama Anyesi akacheka. "Kumbe unajifungia mwenyewe, kuwapunguzia kazi! Una adabu wewe."

Mjomba hakucheka. Alitaka sana watu wa mbali wamsikie. Akasema taratibu, "Kata."

Video ikatoka, watu wa mjini wakamsifu. Korongoni wanawake wakawa wanamtania, "Habari za televisheni, Batholomeo? Kile kisima siku hizi hakina kufuli?" Akaanza kupita nyuma ya nyumba.

Halafu jirani yetu Eliakimu akaoa. Kamera hakuna, ni sisi kwa sisi. Watu wakauomba wimbo wa kisima, mjomba akaupiga vizuri tu. Alipofika kwenye ule ubeti, vidole viliendelea, mdomo ukanyamaza. Wanawake wakabaki mikono juu, wanangoja swali.

"Uliza basi," mama Anyesi akamwambia. "Hapa nani amekukataza?"

Mwenyekiti alikuwepo, anakula pilau yake, wala hakuwa anasikiliza.

Mjomba akauruka, akaingia ubeti wa ng'ombe. Mama Anyesi akaitoa ngoma mapajani, akailaza chini. Wenzake nao wakalaza zao. Mjomba akapiga peke yake mpaka mwisho, macho kwenye nyuzi, jasho linamtoka. Mimi nilishindwa kumtazama. Kigelegele hakikusikika hata kimoja.

Wakati wa kurudi alitembea nyuma yetu, na mama Anyesi hakugeuka.