Mifupa Miwili ya Neema

Plastiki ikiungua juu ya mshumaa, mimi narudi kuwa na miaka tisa, nimekaa sakafuni kwenye chumba chetu cha Yeoville, mtaa wa wahamiaji kusini mwa Afrika, kichwa kinaniuma. Mama alikuwa akishona magauni ya harusi. Korseti, ile sehemu ngumu inayombana bibi harusi kiuno, ilikuwa vitambaa viwili vizito vilivyoshonwa mifereji, na kila mfereji ulipitishwa mfupa. Zamani huko Ulaya, Mama alinieleza, waliweka wa nyangumi, baadaye wakaweka chuma. Nyangumi hawakufika Yeoville. Sisi tulitumia mikanda ya plastiki ya kufungia marobota ya mitumba, niliyoipata bure kwenye maduka ya Wasomali wa mtaa wa Mayfair kwa maneno matamu. Kazi yangu ilikuwa kuikata, kuyeyusha ncha zisimchome mtu, na kuhesabu. Kila gauni lilitaka mifupa kumi na minne. Nilihesabu mara mbili, maana mara ya kwanza mtu hujiamini mno.

Neema alikuja kujaribu gauni lake siku mbili kabla ya harusi. Aliletwa na Tantine Odile, shangazi wa bwana harusi, kwani kwetu Wakongo ukoo wa mume lazima ushuhudie. Mama alivuta kamba za mgongoni polepole kuliko kawaida. Mimi nikapapasa mifereji. Kumi na miwili. Nikarudia. Kumi na miwili.

“Mama, hapa tumboni hujaweka mifupa miwili,” nikasema, kwa sauti ya mtu anayestahili soda.

Neema akageukia dirisha. Tantine akamtazama yeye, kisha Mama.

“Fundi, ni nini hii?”

“Nimesahau, tantine. Macho yamechoka.”

“Eish. Mtoto anakupita hesabu.”

“Ananipita.”

“Mabibi harusi wa kanisa letu nitawapeleka kwa fundi anayekumbuka.”

Walipoondoka nikamletea Mama mifupa miwili, ncha laini. Akaitia mfukoni, akarudi kwenye cherehani. Hakuiweka. Kufika Krismasi alikuwa akikunja pindo za suruali, na mimi nilikuwa nimemkasirikia: fundi mzima, tena mwongo. Neema alipojifungua miezi mitano baada ya harusi, nilidhani watoto wengine wana haraka tu.

Nilikuwa na miaka thelathini, fundi mwenyewe, nilipompima msichana mmoja nikakuta kiuno kimeongezeka sentimita nne ndani ya wiki mbili. Nikapima tena. Zilikuwa nne. Mama mkwe wake mtarajiwa alikuwa kwenye kochi, anakula biskuti. Msichana aliniangalia. Nikatamka kipimo cha zamani, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye kochi.

Jioni ile nilimpigia Mama, yuko Lubumbashi sasa. Nikamwambia kuhusu yule msichana, kisha nikamtaja Neema. Akaniuliza kama ninakula vizuri. Hata leo hataki kuisema siri ile, hata kwangu, na wateja wale hawakurudi kamwe.

Kwa hiyo, msomaji wangu, Neema si jina lake.