Mkono wa Koti

Kazini wananiita Daktari wa Kuku, jina nililojipa mwenyewe. Naendesha gari la friji. Kuku wabichi wanatoka machinjioni, nami nawafikisha majikoni wakiwa chini ya nyuzi nne za joto. Kila kreti ina lebo yenye namba ya shamba na siku ya kuchinja, na ndani ya gari kipo kifaa kinachorekodi joto njia nzima. Ukiniuliza saa ngapi, nakujibu kwa mhadhara wa haya yote.

Siku hiyo nilishusha kreti za hospitali, nikavua koti langu zito, nikalitundika nyuma, nikabamiza mlango. Zilizobaki zilikuwa za mama mkwe. Mama ana mgahawa, na kwa mara ya kwanza alikuwa amepewa kazi ya kulisha kiwanda kizima mchana. Akikosea, kazi ingehamia kwa jirani yake, ambaye tayari alikuwa ameanza kusugua masufuria.

Njiani watu walinipungia. Fundi baiskeli alipunga, muuza maji akapunga, trafiki akainua mikono yote miwili. Nikawajibu kwa honi. Nikajiambia kwamba heshima haiji bure, hutafutwa.

Nilipofika nilimwamkia mama kwa adabu zote, nikazunguka nyuma ya gari. Mkono wa koti ulikuwa umebanwa na mlango, unaning'inia nje, unanipungia na mimi. Mlango haukuwa umefunga sawasawa. Kipimajoto kilisema kumi na moja. Kifaa kilionyesha joto lilianza kupanda baada ya hospitali, kwa hiyo wagonjwa walisalimika. Aliyepatikana ni mama mkwe.

Mama alichukua kuku mmoja, akamnusa, akasema bado ana ubaridi, nishushe upesi maji yanachemka. Mimi ambaye mbele yake sithubutu hata kunyoosha miguu, nikamtoa kuku mkononi mwake.

"Mama, hawa siwashushi. Watu wataumwa. Kosa ni langu, koti ndilo hilo."

"Sasa kiwanda kizima kitakula koti?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikabandika kreti zote karatasi nyekundu za kurudishwa, naye akaingia jikoni bila kunitazama. Punde akaniita, akanivika aproni yake ya maua, akaniweka mbele ya beseni la mayai ya kuchemsha.

Msimamizi wa kiwanda alipokuja kuchukua chakula, alifunua sufuria, akaona mayai kwenye mchuzi, akauliza kuku wako wapi. Niliinamia beseni nikingoja koti litajwe.

"Mkwe wangu amewakataa," mama akasema. "Walipata joto njiani. Ndiyo maana nanunua kwake."

Msimamizi akasema basi kesho waje kuku watakaokubaliwa. Akabeba chakula, akaenda zake. Nikainua kichwa, nikaanza kumweleza mama kuhusu nyuzi nne.

"Menya mayai, Daktari," akasema.