Siku Niliyoizuia Dizeli Isiamke

Basi lile lilikuwa na mitambo miwili, wa umeme na wa dizeli. Ukiliendesha vizuri lilikwenda kwa umeme, kimya kabisa. Chaji ikipungua, dizeli iliamka yenyewe na kuanza kunguruma. Mtihani wetu madereva wa zamani ulikuwa huo tu: kutoka Kaloleni hadi Kware na kurudi bila kuiamsha dizeli. Nilikuwa nimeshaanguka mara moja. Nikianguka tena kazi imekwisha, na kwa umri wangu nani angeniajiri? Mke wangu alikuwa ameanza kunitajia shamba letu la magharibi kwa sauti ya upole, na upole huo uliniudhi kuliko matusi.

Mwalimu aliyekaa kando yangu kunipima alikuwa msichana wa rika la binti yangu. Nakiri nilimdharau. Nilianza kuendesha mabasi kabla hajaota meno, na mambo ya kubana mafuta niliyajua kwa mguu. Kwa hiyo tulipofika mteremko wa kwenda mtoni nikafanya kama nilivyozoea: nikatoa gia, basi likateleza lenyewe, nikajipongeza moyoni.

"Baba, mbona umeweka fri?" akaniuliza.

"Nabana chaji, madam."

Hakucheka. Afadhali angecheka.

"Hapo hujabana kitu. Acha gia ndani, toa mguu tu. Magurudumu yatazungusha mtambo na betri itajaa. Ukiweka fri, mteremko wote umeenda bure. Ndiyo maana uliangushwa wiki jana."

Nilitaka kubisha. Nina mdomo, hata kanisani wananijua. Lakini mshale wa chaji ulikuwa umekaribia alama nyekundu na safari ya kurudi ilikuwa bado. Mazoea yana taabu. Mkono wangu ulikuwa ukiwashwa kuitoa ile gia. Tulipogeuza Kware na kuuteremkia mto kutoka upande wa pili, nikauweka mkono huo juu ya usukani na kutoa mguu. Basi likapunguza mwendo kana kwamba kuna mtu amelishika nyuma. Mshale ukapanda kidogo. Nikaguna kama mjinga.

Jogoo Road ilikuwa na msongamano, nami kila palipotaka breki nilitoa mguu mapema. Masikio yangu yote yalikuwa nyuma, yakiisikiliza dizeli. Tuliingia geti la Kaloleni kimya.

"Umepita, baba," akasema.

Nililaza kichwa kwenye usukani nikamshukuru Mungu kwa lugha ya mama yangu, kwa sauti, bila haya.

Nje walikuwa wakisubiri madereva wanne, wote wakirudia mtihani kama mimi.

"Niaje mzee, umepita?"

"Nimepita."

Wakanipigia makofi. Hapo ndipo nilipowatazama vizuri. Wote wanne walijifunzia kazi kwangu, na kutoa gia mteremkoni niliwafunza mimi, tena kwa majigambo. Ningeweza kunyamaza nikabaki na heshima yangu.

"Wanangu," nikasema, "ile fri ya mteremkoni niliwafunza vibaya. Hili basi haliitaki. Acheni gia ndani."

"Kumbe ni wewe ulituangusha!" akapayuka mmoja, na wote wakacheka mpaka mwalimu akacheka nao.

Sikwenda nyumbani. Nilikaa pale getini mpaka wa nne naye akaliingiza basi kimya.