Minazi ya Maweu

Maweu alikuwa mtu wa kuogopa mambo mapema, na mwaka ule wa Uhuru ulimpa kazi ya kutosha. Kila aliyetoka dukani Msambweni alirudi na jipya: bendera ikipandishwa, watu wa bara watarudishwa kwao. Kwao wapi? Babake alitoka Kitui kuja kukata miwa, yeye akiwa mtoto wa mgongoni. Alijua kukamata kaa kabla hajajua Kikamba vizuri, na aliyemfundisha ni Mbwana, Mdigo wa hapa hapa Munje. Wawili hao walikula sinia moja, wakavaa shati moja kwa zamu, hata mama zao wakachoka kuuliza nani atalala wapi.

Ukubwani Mbwana hakumsahau. Wajomba zake walipompa shamba la ukoo alitunze, alimkatia Maweu kipande. "Lima, ndugu yangu, ule na wanao," alimwambia.

Lima, alisema. Hakusema panda miti. Sisi wa pwani tunajua tofauti yake: mahindi na muhogo hulimwa na yeyote aliyepewa ruhusa, lakini mnazi ukishashika mizizi, aliyeupanda ana neno juu ya ardhi. Maweu alilijua hilo vizuri sana, na bado alipanda, mmoja mmoja, nyuma ya muhogo, kama mtu anayeficha mtungi wa tembo. Miaka ikapita. Mbwana akawa mtu wa mikutano na kofia za kutarizi, wa kusalimu bila kushuka kwenye baiskeli. Minazi ikaanza kuzaa.

Wiki chache kabla ya bendera, asubuhi, Mbwana alipiga hodi mlango wa mbele. Mbwana, aliyezoea kupitia uani na kufunua vyungu! Nyuma yake walisimama wajomba zake wawili.

"Karibuni, wazee wangu. Shikamooni."

"Marahaba," alijibu Mzee Athmani, mkubwa wao. Hakukaa. Munee, mkewe Maweu, alileta maji ya kunywa. Mbwana aliitazama kata kama hajawahi kuiona, akatikisa kichwa.

"Tumesikia humu mna minazi," alisema Athmani. "Ni nani aliyeipanda?"

Maweu akisema ni yeye, amejitangaza mwizi wa ardhi, na vyombo vyake vitalala njiani. Ana watoto wadogo, na huko Kitui hakumbuki hata nyumba moja. Alitupia jicho mlango wa uani, wala simcheki. Ningekuwa mimi ningekimbia.

"Niliipanda mimi, mjomba," alisema Mbwana. "Maweu ananitunzia tu."

"Mbona hukutuambia?"

"Hamkuniuliza."

Athmani alimgeukia Maweu. "Ni kweli hayo?"

"Ni kweli, mzee. Ni yake."

Wazee walizunguka shamba, wakagonga mashina kwa bakora, wakaridhika, wakaenda zao. Mbwana alifuatana nao bila kugeuka nyuma. Munee alilia kwa furaha, akasema huyo ndiye rafiki. Maweu alikaa kizingitini, hofu yake haijapungua hata chembe.

Uhuru ulikuja, ngoma zikapigwa, na hakuna aliyemgusa. Mvua za masika zilipokaribia, Mbwana alifika na mkwezi. Alisalimu vizuri, akawaulizia watoto mmoja mmoja kwa majina, kisha akamwonyesha mkwezi mnazi wa kwanza. Nazi zikaanza kuanguka. Maweu alizikusanya mwenyewe, akazitia guniani, akalifunga gunia nyuma ya baiskeli ya rafiki yake kwa mikono yake.

Mbwana aliacha chache mlangoni. "Hizi za watoto," alisema, akapanda baiskeli.

Munee alingoja mpaka Mbwana alipotoweka njiani. "Siku ile alisema vile kukuokoa, au alikuwa anajichukulia? Mwulize! Si rafiki yako?"

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

"Nikimwuliza," alisema Maweu, "atanijibu."