Chini ya Kiuno, Juu ya Paja

Juzi mjini Geita, kwenye duka la dawa, mchimbaji mmoja mwenye vumbi la mwamba hadi kwenye kope aliinamia kaunta, akanong'ona: "Dada, mgongo unaniuma. Kwa chini."

"Kiunoni?"

"Shuka kidogo."

"Pajani?"

"Umepitiliza."

Sisi wateja wengine tukaanza kusoma maboksi ya dawa kwa bidii. Muuzaji hakupunguza sauti.

"Ukienda chooni unatoka damu?"

"Tangu masika."

"Huenda ni bawasiri. Inatibika. Kunywa maji, kula mboga na matunda, usijikamue chooni. Ila damu ya muda wote huo lazima daktari aiangalie, maana si kila damu ni bawasiri."

"Ataangalia... penyewe?"

"Sasa ataangalia wapi, kaka?"

Jamaa akakohoa, akaomba dawa ya mgongo.

Huyu ndiye anayeshuka kwa kamba kwenye shimo la dhahabu, gizani, chini ya mwamba unaoweza kumfukia, wala hasiti. Kinachomtisha ni kupanda kitanda cha daktari. Nje akaita bodaboda, akakalia paja moja, akaondoka na siri yake, barabara nzima ikiiona.