Nilivyosomea "masters ya udalali", na ghorofa ya kwanza iliyokaribia kututoa Kariakoo

Wakuu, habari za mihangaiko. Wakubwa zangu humu ndani, shikamooni.

Ninachoandika kimetokea kwetu na wahusika wote wako hai. Mmoja wao ni mwanachama humu, kwa hiyo nikizidisha chumvi nitaumbuliwa kwenye komenti ya kwanza.

Nilipomaliza digrii nilipata kazi ya ofisini mjini. Nikaichoka mapema.

Kila jioni nilikuwa nakatiza Mnazi Mmoja kuingia Kariakoo, na kila baada ya muda nakuta nyumba nyingine ya zamani imebomolewa. Tangu biashara iachiwe huru, kila mwenye duka la jumla alitaka kupanda juu. Mimi nikawa najiuliza: nani anaamua? Nani anapata nini? Aliyekuwa mwenye nyumba jana, leo analala wapi?

Maswali hayo yakanipeleka chuoni, masters ya uendelezaji milki. Kwa lugha nyepesi: mmoja ana kiwanja, mwingine ana mtaji, jengo linasimamaje na mwisho wanagawanaje.

Mjomba Sefu akasikia. "Yaani unasomea udalali?"

"Hapana, Mjomba, ni zaidi ya hapo."

"Madalali wamejaa Msimbazi hawana hata cheti. Wewe unakwenda kulipia."

Jina likaniganda hapo hapo. Mtaa mzima nikawa dalali wa masters.

Sasa mumjue Mama Mkubwa wangu, Bi Mwanahawa. Ndiye aliyebaki kwenye nyumba ya babu, nyumba ya kona pale Kariakoo. Mabati yalishatoboka, mvua ikinyesha, mabeseni yanapangwa ukumbini. Majirani zake wengi walishauza, wengine wakavuka Magogoni kwenda kuanza maisha Kigamboni.

Yeye alikuwa na neno moja tu. "Nimezaliwa hapa, nitaishi hapa hapa. Na nataka fremu yangu inayotazama barabara, niuze khanga."

Akatokea Mzee Kimaro, muuza vitambaa vya jumla kutoka Kilimanjaro, ambaye mtaa mzima unamwita Mangi. Familia itoe kiwanja, yeye ajenge. Familia ichukue ghorofa ya kwanza na ya pili, yeye achukue zinazobaki. Miezi kadhaa wamezungumza kwa tabasamu, ikabaki kutia saini.

Chuoni nilitakiwa kufuatilia mradi mmoja wa kweli, nikaomba kukaa kwenye kikao hicho. Mama Mkubwa akanipa sharti: "Utakaa, utakunywa chai, utanyamaza."

Nilijitahidi wakuu. Nilijaza vitumbua mdomoni ili uwe na kazi. Lakini ramani ilikuwa mezani, na mimi nina ugonjwa wa kuuliza.

"Samahani. Ghorofa ya kwanza ni ipi?"

Wakanitazama kama nimeuliza jua linachomozea wapi.

"Si hii ya chini," Mama Mkubwa akajibu. "Unaingia mlangoni, ya kwanza. Unapanda, ya pili."

Mangi akaweka kikombe chini. "Hapana, Bi Mwanahawa. Chini ni chini. Ghorofa inaanza ukishapanda ngazi."

"Sasa fremu yangu itakuwa wapi, angani?"

"Fremu za chini ndizo zitakazorudisha gharama zangu, dada yangu."

"Kumbe Mangi ulikuja kunipandisha ngazi ubaki na baraza la baba yangu."

"Na wewe ulitaka nijenge jengo zima, halafu nikauze vitambaa kwa njiwa?"

Naomba nieleweke, hakukuwa na tapeli pale. Miezi yote hiyo walikuwa wanatamka neno lile lile, kila mtu na picha yake kichwani. Mangi akakunja ramani, akaiacha mezani, akaaga kwa adabu, akaondoka.

"Haya," akasema Mjomba, aliyekuwa amekaa pembeni muda wote. "Dalali wa masters kavunja biashara kwa swali moja."

Mama Mkubwa hakunisema. Alikusanya vikombe polepole, kisha akasema kama anaongea peke yake, "Masika haya mabati hayavuki. Itabidi niuze."

Hiyo iliniuma kuliko tusi.

Nikamweleza mhadhiri wangu. Akasema ubia wa aina hii kwa kawaida hugawanywa kwa ghorofa. Nikauliza kwa nini. Akasema ndivyo inavyofanyika.

Wakuu, ukitaka nikose raha, niambie ndivyo inavyofanyika. Nilikaa na ile ramani hadi nikaona kitu ambacho sote tulikuwa tunakipita: nyumba ni ya kona. Ina mitaa miwili, mkubwa na mdogo.

Nikamfuata Mangi dukani kwake, katikati ya majora ya vitambaa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kuuliza ghorofa ya pili ni ipi?"

Nikamwambia tusigawane kwa kwenda juu. Tukate kama keki, kisu kishuke kutoka juu mpaka chini. Kila upande uwe na fremu zake barabarani na vyumba vyake juu.

Akachora kona ile kwa chaki mezani, akaikata katikati. Kisha akauliza, "Na mtaa mkubwa atachukua nani?" Nikamwomba tulipeleke swali hilo kikaoni.

Mama Mkubwa naye nikamweleza habari ya keki, na kikao cha pili nilikwenda nimejiandaa kwa vita, nikijua wote watataka mtaa mkubwa. Mama Mkubwa akaanza. "Mimi nipe mtaa mdogo."

"Nimekubali," Mangi akasema, hata mwenzake hajamaliza.

Mama Mkubwa akakunja uso. "Mbona haraka hivyo? Huo mtaa mdogo una nini?"

Nikaona inavunjika tena.

"Hauna kitu," Mangi akasema. "Lori langu la mzigo haliingii kule, basi. Wewe mbona unaukimbia mtaa mkubwa?"

"Kwa sababu ya hilo hilo lori lako. Wateja wangu ni wanawake, wanakuja kwa miguu, wanataka kusoma jina la khanga na kubishana bei. Atachagua nani huku anapigiwa honi mgongoni?"

Wakatazamana. Aliyeanza kucheka ni Mangi, akacheka mpaka akatoa leso.

Safari hii niliruhusiwa kuuliza, na niliuliza kila kitu. Ngazi za nani? Tangi la maji je? Paa? Kwenye mkataba wakili akafuta "ghorofa ya kwanza", akaandika "usawa wa barabara".

Tasnifu yangu niliiandika juu ya mradi huo huo. Watahini walinihoji, na mimi nikawahoji kidogo, wakanipa masters yangu.

Nilichojifunza: makubaliano ambayo hayajawahi kuulizwa swali la kijinga, yaogopeni. Aibu ya kuuliza inaisha kwenye kikombe kimoja cha chai, ila jengo likishasimama halikunjwi kama ramani.

Wenye nyumba za urithi, kwenu mligawanaje? Na nyie mnaosema masters ni kupoteza muda karibuni pia, hata mimi bado sijamaliza kubishana na nafsi yangu.

Mama Mkubwa sasa anaishi juu ya fremu yake mwenyewe. Ngazi hazipendi, kwa hiyo amefunga kikapu kwenye kamba, anakishusha dirishani na msichana wa dukani anakijaza. Naandika nikiwa kwake. Kikapu kimepanda sasa hivi, maandazi bado ya moto, na kuna mama kule chini anabishana bei.